Gobore Juu ya Kitanda

Sogeeni karibu mnisikilize. Hadithi hii hunikera kila ninapoisimulia, na hukumu yake nitawaachia ninyi.

Huko Sikonge walikuwepo wanawake watatu wa ukoo mmoja. Limi alikuwa na mdomo usiojua kuficha neno. Wifi yake, Kashindye, alikuwa na mikono myepesi. Baba yake mdogo alikuwa fundi wa magobore na alimfundisha kazi. Wa tatu, Nyanzala, alikuwa mama wa heshima na mkwe wa Limi; ndiye aliyemzaa Kashindye na kaka yake Mihayo, mume wa Limi. Nyanzala akisimama barazani, hata mwenyekiti wa kijiji alinyamaza.

Limi na Mihayo waligombana kama wagombanavyo watu. Leo chumvi, kesho mbegu, na kabla ugali haujapoa wameshacheka. Kisha nguruwe pori wakaingia kwenye mahindi, Mihayo akaleta gobore.

Nguruwe walikimbia. Mahindi yakavunwa. Gobore likabaki, limetundikwa ukutani juu ya kitanda.

Tangu hapo Limi akipinga jambo, Mihayo hakujibu. Aliutazama ukuta tu. Hakumpiga mkewe hata kofi, na kwa hilo alijisifu kilabuni. Ampige ya nini, na ukuta unamfanyia kazi? Limi akajifunza kusema "sawa". Watoto wakajifunza kula bila kuongea.

Kashindye alipokuja kuwatembelea, alimwona wifi yake akiruka kwa hofu kijiko kilipoanguka. Mihayo alipotoka, Kashindye alichokonoa baruti yote mtutuni, akamwaga na iliyokuwa kwenye kibuyu, kote akajaza mkaa uliosagwa. Akaenda zake bila kumwambia mtu.

Siku ya nane, wakati wa chakula cha mchana, Mihayo alitangaza kwamba atapanda tumbaku kwenye shamba la karanga la Limi.

"Hapana," Limi alisema. "Shamba hilo ndilo mboga ya watoto."

Mihayo akalitungua gobore, akamwelekezea kifuani. "Sema tena."

Limi hakujua habari za mkaa. Alijua tu kwamba amechoka. "Hapana."

Mihayo akafyatua. Fataki, kile kiwashio cha baruti, ikalia, risasi haikutoka. Asiniambie mtu kwamba alikuwa anatishia tu. Alifyatua.

Nyanzala, aliyekaa nyumba ya pili, alisikia mlio akaingia. Alimkuta mwanawe akipapasa mfukoni, anatafuta fataki nyingine. Akasimama mbele ya mkwewe. "Anza na mimi niliyekuzaa."

Mihayo akaushusha mtutu. Mama akamnyang'anya gobore, akalibeba begani hadi kwa mtendaji wa kijiji. Ndugu walimkimbilia njiani wakimsihi mambo yaishe kifamilia. "Huyu ni mwanao," walisema.

"Ndiyo maana ninampeleka mimi," alijibu.

Polisi walimchukua Mihayo na gobore lake. Wazee wa ukoo nao wakamtoza mtamba mmoja, apewe aliyeyaokoa maisha ya Limi. Nami nilikuwepo barazani siku hiyo.

"Bila mkaa wangu tungekuwa matangani," alisema Kashindye.

Limi alimgeukia. "Siku nane ulijua, wifi. Siku nane nimelala chini ya lile gobore nikitetemeka."

"Ningekwambia, uso wako ungetoboa siri."

"Na bila mimi," alisema Nyanzala, "angejaribu tena, na ukoo ungefunika."

"Mwaka mzima uliniona, mama. Ulingoja mlio."

Nyanzala hakubisha. "Ni kweli. Niliona."

"Mimi ndiye niliyesema hapana," alisema Limi, "tena mara mbili, nikijua nitakufa. Ningesema sawa, gobore lingekuwepo ukutani hadi leo."

Mzee mmoja akauliza tangu lini mtu akatuzwa kwa kujiokoa mwenyewe. Akaongeza kwamba Limi angenyamaza asingefyatuliwa. Nusura nimtoe nje kwa mikono yangu.

Baraza lilivunjika bila uamuzi. Mtamba amefungwa uani kwa mwenyekiti, na wanawake wale watatu, ambao wangepaswa kuwa kitu kimoja, hupishana njiani bila kusalimiana.

Basi ninyi mliosikia yote: yule aliyetoa baruti akanyamaza, yule aliyenyamaza kisha akamtoa mwanawe, au yule aliyesimama mbele ya mtutu? Kamba ya mtamba mngemkabidhi nani?