Mchi wa Kindi na Usingizi wa Kiboko

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko kama sisi, Kindi alipakana uzio na Kiboko, jumbe wa kijiji.

Kila mchana Kindi alirudi kutoka shambani na majani ya muhogo, akatwanga kisamvu. Twa, twa, twa. Wanawe wanne wakisikia mchi tu, walinyamaza kulia. Walijua chakula kinakuja.

Saa hiyohiyo Kiboko hulala.

"Kindi, mchi wako unanipasua kichwa," alisema siku moja. "Ukitwanga tena, uhame."

"Jumbe, kisamvu hakiliwi bila kutwangwa."

"Kaleni majani mazima. Si mna meno nyie?"

Kindi aliwatazama wanawe. Ahamie wapi, na shamba liko hapa?

Kesho yake alibisha hodi.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba. Umeshafunga mizigo?"

"Bado. Nimewaza, kumbe wewe si wa kwanza kukerwa. Ita baraza, kila mtu aseme sauti inayomuudhi, utoe hukumu moja kwa wote."

Kiboko alipenda sana kutoa hukumu. Kindi naye akawapitia majirani: "Semeni ukweli, ila msitaje jina."

Barazani Kiboko alianza yeye. "Mchi wa Kindi. Kishindo kikavu, kinanigonga hapa kwenye paji."

Kanga akafuata. "Mimi kuna mkoromo. Khrrr, kama jiwe linaburutwa juu ya bati. Unanyamaza, nashukuru umekwisha. Mara puuu! Mayai yangu yanatikisika."

"Hata kwangu ng'ambo ya kijito unafika," alisema Nyati. "Ule mluzi wa mwisho ndio unanimaliza."

Kiboko alitikisa kichwa kwa huruma. "Na mnavumilia hayo kila siku?"

"Kila mchana, jumbe."

"Basi mwenye mchi ahame, na mwenye mkoromo ahame. Leo leo."

"Hata kama ni mkubwa?" aliuliza Kindi.

"Awe na ukubwa wowote. Nimeshasema."

"Basi tukae kimya tumsikilize, tumjue. Saa yake imefika."

Wakakaa kimya. Jua lilikuwa kali na Kiboko alikuwa ameshiba. Kope zikawa nzito, kidevu kikashuka kifuani. Khrrr. Khrrr. Puuu!

Mluzi wake mwenyewe ukamgutusha.

"Mmemsikia?" aliuliza.

"Tumemsikia, jumbe."

"Ni nani?"

 Wote walikuwa wanamtazama. Kiboko akageuka kuangalia nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

Akawageukia tena.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungeanzaje?" alisema Kanga taratibu.

Kindi akasogea. "Jumbe, wewe huusikii mkoromo wako, unasikia raha ya usingizi. Na mimi mchi wangu siusikii kama kelele. Nasikia watoto wangu wamenyamaza."

Kiboko alishusha pumzi. "Hukumu nimeifuta. Hahami mtu. Nenda katwange, Kindi, watoto wasije wakashinda na njaa."

Mchana ule mchi ulilia twa, twa, twa. Kisha mtoto mdogo wa Kindi akapita kwenye uzio na bakuli la kisamvu, akaliweka mlangoni kwa Kiboko, akarudi akinyata asimwamshe.

Hapo ndipo hadithi yangu inapopumzika, wadogo zangu: kabla hujaihukumu sauti ya jirani, muulize yako inamfikiaje.