Lango la Kukung'uta Leso

Haya, nitupe nisitupe?

Tupa tudake!

Mbona sauti kama mmekula uji wa juzi? Nitupe?

Tupa tudake!

Hapo kale, kale ya kale, kulikuwa na msitu mmoja mdogo. Mdogo jamani! Unauzunguka wote na maharagwe jikoni hayajachemka. Lakini miti yake ilikuwa mizee, hata babu wa babu zetu waliikuta imesimama.

Wageni walikuja kutembea. Wanavua viatu langoni, wanaingia polepole, wanatazama vipepeo, wanamsikiliza hondohondo. Na sheria ilikuwa moja tu. Ukitoka, unasimama langoni, unakung'uta leso yako, mlinzi anaangalia. Jani likidondoka, linabaki. Kijiti kikidondoka, kinabaki. Na mnyama asiye na leso je? Anakung'uta manyoya! Haa haa! Mngemwona Mbuzi na makalio yake yale!

Mlinzi alikuwa Sange, yule mnyama mdogo kama panya, pua ndefu utadhani mrija. Sange akajifungua mtoto, akamwita Kadzo. Akamlaza chini, akamfunika kwa majani makavu, maana juu ya msitu Kipanga alikuwa anazunguka.

Akamwendea jirani yake Kima. "Kaka Kima, nishikie lango. Mwanangu bado hajui kukimbia."

"Nenda kanyonyeshe, dada. Lango niachie mimi."

Sasa huyo Kima, msiseme nimesema mimi, alipenda sifa kuliko ndizi.

Siku ya kwanza akaja Kuku. Ametembea, ameona, anatoka, jani liko chini ya bawa.

"Shemeji Kima, lango limekupendeza! Yule Sange alikuwa hata haonekani. Niachie jani moja tu, nikawaonyeshe wanangu kuwa nilifika."

Kima akavimba kifua. "Moja tu. Pita, usikung'ute."

Juu kule, mke wa Kipanga akauliza kutoka kiotani, "Mume wangu, unaona nini?"

"Naona majani tu."

Lakini Kuku ana siri? Kesho yake wakaja kuku wa mtaa mzima. Kila mmoja jani moja. "Si ulimwachia mwenzetu?" Kima akasogea pembeni. Piteni, piteni.

Siku ya pili akaja Mbuzi. Anatoka mashavu yamejaa, hata salamu haitoki vizuri. "Bwana mlinzi, hiyo sauti yako ni ya mkubwa! Mdomo mmoja tu huu."

"Mmoja tu. Pita."

Nyuma yake wakapita mbuzi wote.

"Mume wangu, unaona nini?"

"Naona majani na mchanga."

Sange akaja langoni mbio. "Kaka, majani yanapungua!"

"Wewe na majani yako! Msitu mzima huu, dada, unalilia takataka?"

Sange akarudi. Akakusanya yaliyobaki, akamfunika Kadzo, pua ikabaki nje.

Siku ya tatu akaja mwanamke, Mbeyu, na kikapu kichwani. "Shikamoo mzee Kima. Nasikia wewe ndiye mwenye msitu."

Mwenye msitu! Kima akakaribia kupasuka.

"Kikapu kimoja tu, mzee, nikatandaze kwenye miche yangu."

"Marahaba. Kimoja tu. Pita, mama."

Nyuma ya Mbeyu, wanawake na vikapu. Kufika adhuhuri, chini ya miti kumekuwa kama uwanja uliofagiliwa kwa ajili ya matanga.

"Mume wangu, unaona nini?"

"Naona mtoto."

Hapa sicheki.

Sange alikuwa ametoka kidogo tu kutafuta mchwa. Akasikia mabawa, mara moja. Akakimbia. Akakuta pale alipomlaza mwanawe, mchanga bado una joto.

Kima akashuka langoni. "Dada, mimi niliachia moja moja tu. Moja moja tu, dada."

Sange hakumtukana. Alisimama pale pale wanaposimama wageni. Akakung'uta mgongo. Akakung'uta tumbo, maziwa yakadondoka.

"Angalia vizuri, mlinzi. Nilikuja hapa na mimba. Natoka bila kitu."

Akaenda zake. Na Kima mpaka leo haishi chini. Akisikia Kipanga analia, anajifunika uso kwa mikono.

Basi wanangu, mwenzio akikuachia lango lake, lishike kama alivyolishika yeye. Ukimpisha mmoja kwa sababu amekusifu, umewapisha wote, na atakayelipia ni yule aliyelala chini ya majani.

Ngano yangu naiacha hapo langoni. Leso nimekung'uta. Mmeona kitu kimedondoka?

Hatujaona!

Haya, piteni.