Bakuli la Shombo

"Bakuli la paka halikaushi mtungi." Mmemsikia Bi Hidaya akimwambia mkwewe, aliyekuwa akimgombeza mtoto kwa sababu ya kijiko kimoja cha sukari, nanyi mkacheka. Sasa mnataka kujua methali hii imetoka wapi. Basi wekeni chini hizo simu mnisikilize, maana ilitoka nyumbani kwetu, na msiba wake ulikuwa wetu. Ilianza hivi.

Mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Nasimulia kama nilivyosimuliwa. Mama yangu, Mwanamvua, alikuwa akimuuguza mama yake, Bi Somoe, aliyepooza upande mmoja. Kisiwani kwetu maji matamu ni ya mvua tu. Visima vina chumvi. Mwaka huo vuli haikunyesha, birika la kukingia maji ya mvua likakauka, ukabaki mtungi mmoja ukumbini. Wazima walikunywa maji ya kisima wakikunja uso. Bi Somoe akiyanywa aliyatapika. Kwa hiyo mtungi ule ulikuwa wake, na mama aliapa utamfikisha masika.

Nyumbani kulikuwa na paka, jina lake Shombo, ambaye Bi Somoe alimlea tangu hajafungua macho. Bakuli lake lilikaa kando ya kitanda cha Bi Somoe, kilichokuwa ukumbini hapo hapo. Maji ya kisima hakuyagusa, na kila akitiliwa ya mtungi, kabla hajanywa aliyapiga kwa mkono, akayachota, akalivuta bakuli huku na huku mpaka likamwagika. Bi Somoe hakuwa tena na la kumchekesha duniani, ila hilo. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Anatawadha huyo," alisema. "Keshasikia adhana."

"Anatawadha kwa maji yako, mama!" Mwanamvua alijibu.

Alijaribu kila njia. Alitafuta bakuli zito la udongo. Shombo akaingiza mikono yote miwili. Akatia jiwe katikati. Shombo akapata mchezo mpya. Akapunguza maji mpaka yakawa mafunda mawili, nayo yakaishia sakafuni. Siku moja mama alikanyaga maji akateleza, na subira ikamwishia palepale. Akalitwaa bakuli, akalifungia kabatini.

"Mrudishie, Mwanamvua," Bi Somoe alimsihi. "Ni maji kidogo tu."

"Hayo kidogo kidogo ndiyo yatakayokumaliza. Akashike panya, anywe damu yao."

"Si maji yangu? Namgawia katika fungu langu."

"Na mimi ndiye nitakayekuzika, mama. Sikubali."

Mama hakuwa mkatili. Nawaambia mapema msije mkamhukumu. Aliogopa tu, na mtu akishikwa na hofu huhesabu hata matone.

Siku ya tatu, adhuhuri, alikwenda kufua kisimani. Shombo akapanda juu ya mtungi, akakisukuma kifuniko chepesi cha ukili uliosukwa, akaingiza mkono kama alivyozoea. Maji yalikuwa yamepungua, hayakufikika. Akainama zaidi, akatumbukia. Bi Somoe aliyaona yote kutoka kitandani. Aliita mpaka sauti ikamkauka, lakini nyumba za jirani zilikuwa tupu, wanawake wote walikuwa kisimani. Alisikia kucha zikiparuza udongo, halafu hakusikia kitu.

Mama aliporudi alikuta kifuniko sakafuni. Akachungulia mtungini, akakaa chini palepale. Maji ya mtungi ni machache. Mnyama akifia humo yamenajisika, hayanyweki wala hayatawadhiwi. Akauburuta mtungi hadi uani, akayamwaga. Alisema ardhi iliyanywa mara moja.

Akarudi, akapiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, mama. Nilikuwa nakuwekea wewe."

Bi Somoe akampapasa kichwani kwa mkono uliobaki na nguvu.

"Najua," akasema. "Lakini bakuli la paka halikaushi mtungi, mwanangu."

Mama alizunguka nyumba hadi nyumba na kikombe mkononi, na kila mtu alimwonyesha birika lake tupu. Bi Somoe hakumaliza wiki. Walimwosha kwa maji ya kisima, yale yale yaliyomshinda kunywa. Siku ya nne baada ya maziko, mvua ikanyesha. Watu walitoa mitungi nje wakishangilia, na mama alisimama uani akilia mpaka akalowa chapachapa.

Ni yeye aliyeichukua kauli ile akawa anawaambia watu waliogombana kwa vitu vidogo, nao wakaidaka kwake. Mimi nilipopata akili nilimkuta kila asubuhi akitia maji katika bakuli la udongo na kuliweka ukumbini. Paka hatukuwa naye. Jioni aliyakuta yamejaa vilevile, akayamwaga, na asubuhi akatia mengine. Siku moja nilimuuliza kwa nini anapoteza maji hivyo, na kiangazi kimeshaingia. Hakunigombeza. Alilifuta bakuli kwa upindo wa kanga, akalirudisha mahali pake, akaniambia: "Bakuli la paka halikaushi mtungi."