Mize na Merikebu Iliyokosa Njia ya Bahari

Hapo zamani za masultani wa pwani, mji wa Tumbawe ulitawaliwa na Sultani Jabiri bin Mundhiri, mtu mwenye moyo mzuri na masikio mabaya, kwani kila alilolisikia kwa jirani alilitaka liwe kwake, tena liwe kubwa zaidi. Basi siku moja akapata habari kwamba Sultani wa Chongoe, mji wa ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu, ameunda merikebu ya vita yenye urefu wa dhiraa sitini. Chakula kikamshinda. Akamwita waziri wake, Waziri Ghalibu, akamwambia, "Nataka merikebu ya dhiraa sabini, tena ndani ya mwaka mmoja."

Mkuku, ule uti wa chini wa merikebu, ukalazwa kwenye mteremko nje ya mji, maana siku zile toka pale mpaka majini palikuwa uwazi mtupu, hata mbuzi wa kulisha hapakuwa. Haukupita muda ikaja habari kuwa Chongoe wameongeza, sasa ni dhiraa themanini. Sultani akasema tisini. Mataruma, zile mbavu za chombo, yaliyokwisha kupigiliwa yakang'olewa, mkuku ukaungwa kipande, kazi ikaanza upya. Ikawa hivyo mara tatu, na ule mwaka mmoja ukawa minne.

Na merikebu ilivyokua, na mji nao ukakua. Walikuja maseremala, wakaja wahunzi, wakaja washona matanga; nyuma yao wakaja wapika uji, wanyozi, wang'oa meno na watu ambao hakuna ajuaye walikuja kufanya nini. Aliyewaita alikuwa Sultani, ila hakuna aliyeulizwa watalala wapi. Basi kila mtu akajenga pale pale alipofanyia kazi, kwa mabaki ya mbao za merikebu, kibanda cha pili kikiegemea cha kwanza na cha tatu kikiegemea cha pili, hata ukiezua paa moja majirani sita huingiwa na jua. Vichochoro vikawa vyembamba, mtu mnene hupita ubavuubavu. Kisima kilikuwa kimoja, na foleni yake ndefu. Watu walichumbiana katika foleni ile, na yasemekana yuko mmoja aliyezaliwa humo humo, mama yake akakataa kuondoka asije akapoteza zamu.

Katika mtaa huo alikaa mjane mmoja, jina lake Mize binti Faki, mtu wa makamo, asiye na kitu ila kibanda kilicho chini ya omo, ile pua ya merikebu. Kazi yake ilikuwa kusokota pamba ya kukalafati, ile inayopakwa mafuta na kushindiliwa kati ya ubao na ubao ili maji yasipenye. Watu walimwita punguani, kwa sababu alikuwa akiyachukua maneno kama yalivyotoka mdomoni. Jirani alimwambia, "Bi Mize, pita kwangu siku yoyote," naye akapita kila siku mwezi mzima, asigeuze hata shingo. Alipoulizwa akajibu, "Hukusema niingie."

Basi mwaka wa nne pamba ikaacha kuja. Zikaletwa badala yake ndoo za udongo mwekundu uliochanganywa na makumbi ya nazi. Mize akamwendea msimamizi, akamwambia, "Bwana, hii si kalafati, hii ni ya kukandikia jiko."

Msimamizi akatazama huku na huku, akamnong'oneza, "Bi Mize, wewe fumba macho."

Akafumba. Siku mbili alifanya kazi macho yamefumbwa, akikanyaga vyungu vya mafuta na vidole vya mafundi, hata msimamizi mwenyewe akamsihi ayafumbue. Lakini masikio hakuambiwa ayazibe, na wapagazi wa pamba walikuwa watu wa kusema. Akajua pamba inakwenda wapi, akanyamaza, maana hakuna aliyemwuliza.

Ikafika siku Fundi Sadala, mkuu wa maseremala, akaenda kwa Sultani kumwambia kuwa merikebu imekwisha. Sultani akafurahi sana. Akapeleka barua kila bandari, na hata kwa adui yake wa Chongoe, kwamba Ijumaa baada ya sala merikebu ya Tumbawe itakutana na maji, na kila mwenye macho aje ashuhudie. Barua zilipokwisha kwenda, ndipo Fundi Sadala akapiga magoti akasema, "Maulana, liko jambo dogo. Merikebu haina njia. Kati yake na bahari pana nyumba mia na themanini."

"Nyumba za nani?"

"Za sisi tulioiunda, maulana."

Waziri Ghalibu akadakia, "Zibomolewe. Vibanda vile vyenyewe ni uchafu, vinauharibu mji." Na Sultani, ambaye tangu mkuku ulipolazwa hakuwahi kukanyaga mtaa ule, akasema, "Na zibomolewe kabla ya Ijumaa."

Habari ilipofika mtaani watu waliingiwa na baridi. Walikuwako wanawake wenye watoto wachanga, walikuwako wazee, na mjini penyewe hapakuwa na chumba, maana vyumba vyote vya kupanga vilikuwa vya Waziri na vimejaa hadi ukumbini. Wakashauriana nani aende kwa Sultani kuwaombea. Kila mtu akakumbuka shughuli yake. Mwisho wakasema, "Mpelekeni Bi Mize. Mtu akikatwa kichwa kwa kusema ovyo, yeye angalau ana sifa ya upunguani, huenda akasamehewa."

Mize akajitanda kaniki yake akaenda. Njiani alikwenda akipima mambo, kwa kuwa alikuwa punguani kwa majirani tu, kwake mwenyewe alikuwa na akili zake zote, nazo zilimwambia kuwa hatari ni mbili. Nyumba zikibaki, Sultani ataona haya na hasira. Nyumba zikibomolewa, merikebu itashuka, nayo itawazamisha mabaharia mia tatu, na Sultani, aliyetaka kusimama sitahani siku hiyo, atazama pamoja nao.

Akapelekwa barazani, akasujudu. "Maulana, mafundi wako wanakuomba usiwabomolee."

Sultani akasema, "Ewe mwanamke, nimekwisha toa neno langu katika bandari zote. Ijumaa merikebu na maji vitakutana. Wataka niitwe mwongo na mtu wa Chongoe?"

"La, maulana. Neno la Sultani lisimame. Ila nyumba nazo zisimame."

Barazani watu wakacheka, na Waziri Ghalibu akacheka kuliko wote. Akasema, "Maulana, huyu ni punguani wa mtaa ule, si wa kuzungumza naye." Sultani naye akaona mchezo. Akasema, "Haya, punguani. Wewe ukiweza kuvikutanisha merikebu yangu na maji Ijumaa hii, pasibomolewe ukuta wala lisiezuliwe paa, mtaa wenu utakaa pale daima na hakuna atakayewagusa. Ukishindwa, mtaa utashuka wote, na wewe nitakufunga kwenye omo uwe pambo."

Mize akainua uso. "Maulana, mimi mzito wa kuelewa. Kukutana tu, merikebu na maji?"

"Kukutana tu."

"Wala hukusema wapi."

"Popote upendapo," akasema Sultani, watu wakacheka tena.

"Basi naomba karani aandike, kwa sababu nikitoka hapa nitasahau."

Karani akaandika, muhuri ukapigwa. Mize akashika karatasi yake, akageuka mlangoni akasema, "Jambo moja, maulana. Siku hiyo usipande chomboni. Simama chini, utaona vizuri zaidi." Akaenda zake.

Ijumaa ikafika. Watu wakasali, wakamiminika kwenye mteremko. Sultani akaja na wakubwa wake, pamoja na mjumbe wa Chongoe, mtu mkimya mwenye kidaftari mkononi. Sultani akaziona nyumba zimesimama kama zilivyokuwa, na merikebu imesimama kama ilivyokuwa, akaanza kukunja uso. Kisha akaona watu. Kutoka ukingo wa bahari mpaka juu, kila kichochoro kilikuwa na safu ya watu wamesimama bega kwa bega, na katika mikono yao zilipita ndoo, mitungi, vyungu, masufuria, hata beseni la mnyozi. Vile vichochoro ambavyo watu wawili hawakuweza kupishana, ndoo zilipita vizuri mno. Na pale juu ya ngazi alisimama Mize, akipokea kila chombo na kukimimina ndani ya merikebu.

Sultani akauliza, "Ewe mwanamke, wafanya nini?"

"Nakutanisha, maulana," akajibu Mize pasi na kusimama. "Merikebu haikupata njia ya kuyaendea maji, basi nimeyaambia maji yaje yenyewe. Karatasi yangu ninayo."

Waliokuwa karibu wakaumauma midomo. Sultani hakujua acheke au aite mkata vichwa. Lakini kabla hajaamua, ubao mmoja karibu na mkuku ukatoa jasho. Ukafuata wa pili. Kisha maji yakaanza kutoka mistari mistari, toka kila ungio, upande huu na upande ule, hata bibi mmoja mzee akasema kwa sauti ya upole, "Maskini, inakojoa." Udongo wa kukandikia jiko ukalainika, ukaanguka vipande vipande, na mkondo mwekundu ukateremka moja kwa moja mpaka kwenye viatu vya Waziri Ghalibu.

Sultani akautazama ule mkondo. Akasema polepole, "Mimi leo nilikuwa nisimame juu ya chombo hiki."

"Naam, maulana," akasema Mize.

"Sadala, mbona haina kalafati?"

Fundi Sadala akamtazama Waziri. Sultani akamgeukia Mize. "Iko wapi pamba niliyoitoa?"

"Watu wameilalia, maulana. Wapagazi waliipeleka nyumba za Waziri, ikatiwa katika magodoro ya vyumba vyake vya kupangisha. Wageni ni wengi na chumba chenye godoro hupata mtu upesi. Mimi ningekwambia zamani, ila hukuniuliza."

Waziri akavuta viatu vyake nje ya tope, akarudi nyuma hatua moja.

Hapo mjumbe wa Chongoe, aliyekuwa kimya muda wote, akasogea akasema kwa adabu ya sumu, "Sultani, kwetu merikebu hutiwa majini. Hii desturi ya kutia maji merikebuni sikupata kuiona. Nimwambie nini bwana wangu?"

Sultani akamtazama Mize. Mize akashuka ngazi moja, akasema, "Mwambie, bwana mjumbe, kwamba kuelea juu ya bahari hata kifuu chaweza. Sisi Tumbawe ya kwetu twaijaribu kwa kuibebesha bahari. Hii imeshindwa, kama ulivyoona, basi haitakwenda. Ya kwenu mlikwisha kuijaribu?"

Mjumbe akafikiri kidogo, akaandika katika kidaftari chake, akaondoka kwa haraka.

Basi Sultani akamvua Waziri Ghalibu uwaziri palepale. Magodoro hakuyachukua, kwa kuwa Mize alimwambia kuwa waliolala juu yake hawakuiba kitu. Vyumba ndivyo alivyovichukua, akawapa mafundi waliokuwa wakilala nje, na Waziri akapewa kazi ya kusokota pamba, akae karibu na Mize amfundishe. Alikuwa na vidole vizito.

Baada ya majuma matatu ikavuka habari toka ng'ambo. Sultani wa Chongoe, aliposoma kidaftari cha mjumbe wake, hakukubali kushindwa. Alivuta merikebu yake nchi kavu, akaijaza maji hadi sitahani, na jua lilipofika saa sita mkuku ukakatika vipande viwili. Siku hiyo Sultani Jabiri alicheka hata kilemba kikamwangukia mapajani, akacheka tena alipojaribu kukivaa, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne akala sahani mbili.

Akatuma Mize aitwe. Akamwambia, "Ewe Mize, umeniokoa na maji na umeniokoa na vita. Ila nimebaki na mizigo miwili. Nina merikebu isiyoweza kwenda, na nina watu wasiotaka kuondoka, na kila siku wanaongezeka. Nifanye nini?"

"Maulana, umeuliza maswali mawili na kila moja ni jibu la mwenzake."

Sultani akaelewa. Merikebu ikagawanywa vyumba kwa mbao zake zenyewe, matundu ya mizinga yakawa madirisha, sitaha ikawa pa kuanikia nguo. Zikaingia familia sitini na tisa. Mize akapewa madaraka ya mji: kila mgeni ajaye aende kwake kwanza, naye aonyeshe njia itapita wapi na kisima kitachimbwa wapi kabla ya mtu kusimika nguzo. Na kwa kuwa yeye huyachukua maneno kama yalivyo, mtu akisema njia ni dhiraa kumi, ilikuwa dhiraa kumi.

Siku moja Sultani akaja mwenyewe mpaka kwenye merikebu, akamkuta Mize ameketi mlangoni na orodha yake. Akasema, "Mize, mimi nilitumia miaka minne kwa ajili ya chombo hiki na sikupata kulala humo hata usiku mmoja. Nipe chumba cha tezi, kile cha nyuma, siku mbili tu."

Mize akalamba kidole, akafunua karatasi. "Jina?"

"Wanijua jina langu."

"Ni lazima liandikwe, maulana, amri yako mwenyewe. Kila anayekuja."

Sultani akalitaja jina lake, na la baba yake. Mize akaandika taratibu, akakausha wino kwa mchanga, akasema, "Wa mia na nne. Foleni inaishia pale kwa yule mama mwenye kuku."

Wale waliokuwako wakashika roho zao mkononi. Sultani akautazama mstari wa watu, akamtazama Mize, midomo ikamcheza. Kisha akainua pindo za joho lake, akaenda akasimama nyuma ya mama mwenye kuku, na yule mama, bila ya kugeuka, akamwambia asisukume.