Swali la Nelvine

Si kila tukitakacho huwekwa mezani. Vingine vimeviringika chini ya kitanda, penye giza na vumbi, na anayevitaka hana budi kupiga magoti na kuinamisha kichwa. Ndiyo maana wahenga wakanena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu Gibson Kipngeno wa Kimulot aliijua methali hiyo tangu utotoni. Kuijua hakukumgharimu chochote. Kuitii ndiko kulikomshinda.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefundisha hisabati katika shule moja ya upili iliyozungukwa na mashamba ya chai, mahali ambapo ukungu wa msitu wa Mau huingia darasani asubuhi bila kubisha hodi. Alikuwa mrefu, mkavu kama fito, na koti lake la kijivu halikukosa chaki mabegani. Wanafunzi walimpachika jina la Bwana Logi, kwa kuwa majedwali ya logi aliyajua kwa moyo kama Mkristo ajuavyo Sala ya Bwana. Sifa zake zilivuma hadi Kericho mjini.

Hata hivyo, hakuna kizuri kisichokuwa na ila. Mada ya longitudo na latitudo ilimpiga chenga. Alipokuwa chuoni hakufundishwa, na mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 ulipoileta vitabuni, alijaribu kuisoma peke yake akaishia nusu njia. Kila mwaka alipoifikia aliipita mbiombio, kama mtu apitaye penye mbwa mkali. Siri hiyo aliifungia kifuani, wala mkewe hakuijua.

Mwaka wa 1994, walimu wa hisabati wa wilaya ya Bomet waliunda chama chao. Walikutana Jumamosi moja kila mwezi katika ukumbi wa kanisa mjini Bomet. Mwenyekiti alikuwa Bwana Seth Ratemo, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Katibu alikuwa Bi Bilhah Amondi, mwalimu kijana ambaye baba yake alitoka kandokando ya ziwa kubwa la magharibi kuja kufanya kazi katika kiwanda cha chai. Bilhah alikuwa amefundishwa hisabati na Gibson mwenyewe. Chama kilikuwa na sharti moja tu: kila mwalimu ataje mada inayomshinda, ili wenzake wamsaidie.

Gibson alialikwa kwenye mkutano wa kwanza, akaketi nyuma kabisa.

"Mimi nianze," alisema Ratemo huku akipangusa paji la uso. "Vekta hunitoa jasho. Wanafunzi wangu wamejua, wananihurumia tu."

Watu waliangua kicheko. Mwalimu mwingine alitaja kalkulasi, mwingine takwimu. Zamu ikazunguka hadi kwa Gibson, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Longitudo na latitudo ilimfika kooni, akaimeza.

"Mimi sina inayonishinda," akasema. "Nilikuja kuwasaidia nyinyi."

Bilhah alisimama. "Asante, Mwalimu. Leo mimi nitaonyesha longitudo na latitudo. Tafadhali kaa, unirekebishe nikikosea."

Jina la mada lilimchoma Gibson kama upupu. Alidhani amegunduliwa. "Nirudi darasani kwako?" akauliza kwa sauti ya juu. "Wewe ambaye nilikufundisha hata kushika bikari?" Alichukua kofia yake akatoka.

Wiki mbili baadaye, Bilhah alimfuata Kimulot. Alimkuta katika chumba cha walimu.

"Chamgei, Mwalimu," alimsalimu kwa Kikipsigis, lugha ya wenyeji, kwani alikulia hukohuko.

"Chamgei," Gibson alijibu bila kuinua macho.

"Sikutaka kukuaibisha. Mimi bado ni mwanafunzi wako. Lakini hii mada inatusumbua wengi, na tukikaa pamoja inakuwa nyepesi. Njoo Jumamosi. Hakuna atakayekucheka."

"Tangu lini ndama akamwonyesha ng'ombe njia ya mtoni?"

Bilhah alitabasamu kwa huzuni. Aliaga kwa adabu, akateremka kilima katika manyunyu ya mvua. Gibson alimtazama dirishani mpaka akapotelea kwenye chai. Kitu fulani ndani yake kilimwambia amwite. Hakumwita.

Mwaka uliofuata, kidato cha nne kilikuwa na msichana aitwaye Nelvine Chepkemboi. Hisabati kwake ilikuwa kama maji kwa samaki. Nia yake ilikuwa kusomea uhandisi, ajenge daraja kwenye kijito ambacho kila msimu wa mvua kiliwazuia watoto wa kwao kufika shuleni. Gibson alimpenda kama mwanawe.

Siku moja Gibson aliandika ubaoni jinsi ya kupima umbali kati ya miji miwili iliyo kwenye latitudo moja, mbali kaskazini. Nelvine aliinua mkono.

"Mwalimu, umetumia upana wa dunia kwenye ikweta. Lakini kule juu dunia si inapungua? Duara la huko si ni dogo kuliko la ikweta?"

Gibson alitazama ubao. Kwa nukta chache aliuona ukweli kama mtu aonaye mlima ukungu unapopasuka, kisha ukungu ukajifunga tena. Angeweza kusema, "Sijui, ngoja nikaulize." Maneno matatu tu.

"Dunia ni moja, Nelvine," alisema kwa ukali. "Haina upana mara mbili. Andika nilivyoandika."

Nelvine aliketi, akaandika.

Mtihani wa kitaifa ulikuja na swali lilelile. Matokeo yalipotangazwa mwaka wa 1996, Nelvine alikuwa wa kwanza shuleni, lakini gredi yake ya hisabati ilikuwa chini ya matarajio. Nafasi ya uhandisi ilimponyoka kwa pointi moja.

Mwalimu mkuu alimwita Gibson. "Huyu msichana alikuwa akipata zaidi ya tisini. Kumetokea nini?"

Jumamosi iliyofuata Gibson alikwenda Bomet, ambako chama kilikuwa kikiujadili mtihani huo. Hakuna aliyemsuta. Ratemo alimsogezea kiti cha mbele.

Bilhah alichukua kabichi na kisu. Aliikata katikati, akazungusha kidole kwenye ukingo wake. "Hii ndiyo ikweta." Kisha akakata karibu na kilele. "Na hili ni duara la kaskazini, kwenye nyuzi sitini. Ni nusu ya lile la ikweta. Anayesahau hilo atapata jibu mara mbili ya lililo sahihi."

Ilichukua muda usiozidi dakika tano. Gibson aliinamisha kichwa, na machozi yakadondoka kwenye daftari lake. Swali la Nelvine lilimrudia neno kwa neno.

Jumatatu jioni alikwenda nyumbani kwa akina Nelvine. Alimkuta akichuma chai, kikapu mgongoni.

"Nelvine," alisema, kofia mkononi, "ulikuwa sahihi siku ile. Mimi ndimi niliyekosea. Nimekuja kukuomba msamaha."

Msichana aliacha kuchuma. "Nilijua, Mwalimu."

"Ulijua?"

"Kwenye mtihani nilianza kwa njia yangu. Nikapata jibu. Halafu nikakumbuka ulivyosema. Nikalikata, nikaandika lako."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu wewe ni Bwana Logi," Nelvine alijibu taratibu. "Nilifikiri mwenye makosa lazima ni mimi."

Hakuna awezaye kuapa kwamba swali lile moja ndilo lililomnyima uhandisi. Gibson hakuhitaji kuapiwa. Nelvine alimsamehe, na mwezi wa tano akajiunga na chuo cha ualimu wa shule za msingi. Gibson hakukosa tena mkutano hata mmoja. Kila mwalimu mgeni alipoingia, alikuwa wa kwanza kusimama na kutaja mada iliyomshinda, na gharama yake. Waliomsikiliza walifaidika. Ila kila alipovuka kile kijito kilichokosa daraja, moyo wake ulimsuta kwamba aliinama, naam, lakini aliinama kuchelewa, wakati kilichokuwa mvunguni kimekwisha kupotea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.