Kwa Nini Mjuaji Si Sifa Tena

Zamani, nyinyi mnaochekacheka huko nyuma, kuitwa mjuaji ilikuwa heshima. Kila kijiji kilikuwa na mmoja tu, na akipita watu walisimama. Leo mnatupiana jina hilo kama tusi. Basi tulieni niwaambie lilikoharibikia.

Mjuaji wa Namitema alikuwa Bi Somoe. Yeye ndiye aliyejua ndiga, kile kiazi cha porini chenye sumu, kinacholiwa njaa ikizidi. Aliwaonyesha wanawake kukikata vipande vyembamba, kuvitia kapuni na kuvizamisha mtoni siku tatu, maji yapite na sumu yake. Hakuna aliyewahi kudhurika. Sifa zilimkolea Bi Somoe, na neno sijui halikuwahi kumtoka mdomoni.

Ukaja mwaka mvua ikagoma. Muhogo ukaisha, mto ukabaki mchanga mtupu. Bintiye Esha, mwenye watoto watatu waliobaki mifupa, akamjia.

"Mama, ndiga nimeloweka mtungini, kwa maji ya kisima. Yamesimama tu, hayapiti. Siku tatu zatosha?"

Bi Somoe hakujua. Hakuwahi kuloweka ndiga kwenye maji yaliyosimama, wala mama yake hakuwahi. Lakini wanawake wenzake walikuwa wamejaa mlangoni, wote macho kwake, naye akaona aibu kusema hajui.

"Zatosha."

"Hakika, mama?"

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha mimi?"

Esha akaenda akapika. Akawapa watoto kwanza, maana mama gani angekula mbele yao? Jua halijatua, wote watatu walikuwa wamekufa.

Bi Somoe aliwaosha kwa mikono yake. Esha alimtazama mzazi wake, akamwita, "Mjuaji," akamgeuzia mgongo. Hakumwita mama tena.

Njaa, jamani, haikungoja matanga. Bi Somoe akaloweka mtungi mwingine, akawa anabadili maji kila asubuhi na kuonja kipande peke yake. Siku ya nne alitapika damu. Siku ya tano akapoteza sauti. Siku ya saba alikula akabaki mzima, akawaonyesha wenzake vidole saba.

Na tangu siku hiyo, asiyeweza kusema sijui huitwa mjuaji, na haitwi kwa mapenzi. Na ndiga ikiiva, mpishi hula wa kwanza. Watoto hukaa na njaa yao, wakimtazama, mpaka jua litue.