Ngiri Aliyechagua Mabeki Wasiojulikana

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba au ya wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Watoto sogeeni mbele. Wakubwa kaeni hapo hapo nyuma na simu zenu, nawajua. Huyu Shomari, mume wa mjukuu wangu, ana timu ya mpira ndani ya simu. Wachezaji kumi na mmoja, hakuna hata mmoja anayemjua yeye, na kila Jumatatu anakataa chai kwa sababu fulani wa Ulaya hakufunga bao. Ngano ya leo nimemletea yeye. Ninyi wengine sikilizeni tu.

Hapo zamani za kale, wanyama wakisema na watu hawajaanza kubishana, palikuwa na bonde, na juu ya bonde palikuwa na kilima. Bondeni kulikuwa na timu ya mpira. Kilimani kulikuwa na timu ya mpira. Katikati palikuwa na uwanja wa nyasi fupi, na pembeni ya uwanja bwawa la maji. Bwawa moja, hakuna lingine.

Kila mwaka, kabla ya kiangazi, Bonde na Kilima walicheza mechi saba. Lakini wako wanyama walioona kucheza ni kujichosha. Hao walikuwa na mchezo wao wa kukaa kivulini, wakauita timu za mdomoni. Mkuu wa ukoo anataja majina matatu ya wachezaji, kutoka upande wowote. Jina likishatajwa limekwenda, mwenzake haligusi. Mchezaji wako akifunga bao, unapata kokoto tatu. Beki wako akimnyang'anya mtu mpira, unapata kokoto moja. Aliyehesabu kokoto ni Kobe, kwa sababu hakuwa na haraka wala hakuwa na ndugu mchezoni.

Sasa sikilizeni walichoshindania. Mwenye kokoto nyingi, ukoo wake hunywa maji wa kwanza kiangazi chote, alfajiri, maji bado meupe. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Wa mwisho hunywa walichobakiza wenzake, na walichobakiza ni matope yaliyokorogwa na kwato.

Wa mwisho alikuwa nani? Ngiri. Mwaka juzi Ngiri. Mwaka jana Ngiri. Mwaka jana huo huo watoto wake wanne walikunywa matope, wakaumwa matumbo, na mmoja akafa, Ngiri akamzika chini ya kichuguu. Wakabaki watatu. Yule mdogo, Kijino, mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya uwanja. Ngiri alijua kiangazi kingine cha matope Kijino hakimalizi.

Na sheria ilisema aliyeshinda mwaka jana achague kwanza, na wa mwisho achague mwisho. Sheria hiyo aliitunga nani? Nyati. Na mwaka jana alishinda nani? Msiniulize mnayoyajua.

Palikuwa pia na Fisi. Fisi alikuwa mchambuzi. Alikaa juu ya jiwe, ulimi nje, akieleza mpira kwa wasiouelewa, na kwa kila maoni alilipwa mfupa. Yeye mwenyewe hakuwa na timu. Alisema mchambuzi hapaswi kuwa na upande. Ukweli ni kwamba aliogopa kukosea mbele ya watu.

Na palikuwa na Hondohondo, mtangazaji. Alitua juu ya mwamba wa goli na hakutazama kwingine. Mpira ukiwa mbali alijichokonoa manyoya. Mpira ukifika golini, hapo sasa! Duma! Duma huyo! Duma tena! Wanyama wa kivulini hawakutazama uwanja, walisikiliza mdomo wa Hondohondo. Aliyetajwa ni mchezaji. Asiyetajwa ni nyasi.

Ngiri hakukaa kivulini. Hakuwa na nafasi, ana watoto watatu wenye njaa. Mazoezi ya pamoja ya Bonde na Kilima yakiisha na wachezaji wakienda zao, yeye aliingia uwanjani kula nyasi. Ngiri anakulaje? Anapiga magoti. Pua chini, macho chini. Kwaru, kwaru, kwaru, anakwenda kwa magoti mstari kwa mstari, na kila kilichotokea uwanjani kimelala mbele ya pua yake.

Siku ya kwanza akaona nyayo za Duma, mshambuliaji wa Bonde. Ndefu, zinakuja kasi, zinakuja, zinakuja, kisha zimekatika. Hapo vumbi limevurugika. Pembeni yake vidole vidogo na mstari mwembamba, kama mtu ameburuza fimbo. Kisha alama ya mpira inarudi ilikotoka, na ule mstari unaifuata. Ngiri akaendelea kula.

Siku ya pili akakuta vilevile. Siku ya tatu vilevile. Nyayo za Duma zinakatika, za Swala zinakatika, na kila zinapokatika upo ule mstari. Akanusa. Ulikuwa mkia wa Kakakuona, chipukizi wa Kilima, mwaka wake wa kwanza. Karibu na hapo akakuta vijikucha vya Nguchiro, chipukizi naye wa Kilima. Na kwenye goli la Bonde akakuta mashimo ya kucha nene. Ni Muhanga, kijana aliyesajiliwa majuzi kwa sababu beki mwingine alikuwa na jipu. Watatu hao Hondohondo hajawahi kuwataja hata kwa bahati mbaya.

Siku ya kuchagua ikafika. Nyati akataja Duma, Tumbili na Kiboko. Kiboko alikuwa beki mwenye jina kubwa. Mpira wa mwisho kumnyang'anya mtu ilikuwa enzi za marehemu babu yake Nyati, lakini jina analo. Punda Milia akataja watatu wake, wote washambuliaji. Twiga akataja watatu wake, wawili washambuliaji na mmoja Kifaru, kwa sababu Fisi alisema Kifaru ana mwili wa kibeki. Majina yanayojulikana yakaisha. Ikafika zamu ya Ngiri.

"Kakakuona," akasema Ngiri. "Na Nguchiro. Na Muhanga."

Punda Milia akauliza hao ni wachezaji au ni majina ya dawa. Basi wakacheka, kwa kwa kwa, Twiga akacheka mpaka shingo ikamkaa vibaya. Fisi akaombwa aeleze. Akapokea mfupa wake, akaeleza. Akasema mabeki hawafungi mabao. Akasema machipukizi hawana uzoefu. Akasema Kakakuona akiona hatari anajiviringisha, na hata wenzake mazoezini wamewahi kumpiga teke wakidhani ndiye mpira. Halafu akamalizia:

"Huyu mama awazoeze tu watoto wake matope."

Wakacheka tena. Ngiri alilisikia neno hilo, na lilimuuma sana, kwa sababu mmoja alikuwa ameshamzika. Aliwachukua watoto wake akaenda.

Mechi ya kwanza ikachezwa. Duma akafunga bao moja. Hondohondo akalipigia kelele mpaka jua likazama, na Nyati akapita akipokea pongezi kama mguu ulikuwa wake. Kobe akaweka kokoto tatu mbele ya Nyati, tap, tap, tap. Kisha akaja mbele ya Ngiri. Tap. Tap. Tap. Tap. Akaendelea. Tap. Tap. Kakakuona alikuwa amenyang'anya mipira mitano, Nguchiro minne, Muhanga mitatu. Wenzake wakatazamana. Wakasema Kobe amezeeka, arudie. Kobe hakukasirika. Akarudia kwa mwendo wake, na mpaka amalize wote walikuwa na usingizi, na kokoto zilikuwa zilezile kumi na mbili.

Sheria hiyo ya kokoto ilikuwepo miaka yote. Wote waliijua. Hakuna aliyewahi kukaa akajiuliza, bao moja kwa mechi na mipira mitano kwa mechi, kipi kizito? Walikuwa na shughuli nyingi za kumsikiliza Hondohondo.

Mechi ya pili, Ngiri akaongoza. Ya tatu, akaongoza. Ya nne ilipokwisha, Nyati alikwenda kwa Fisi faraghani na mfupa mnene wenye nyama. Kesho yake wote wawili wakaja kwa Ngiri, wamependeza, wanatabasamu.

Nyati akasema amemwonea huruma mama wa watoto. Sheria inaruhusu kubadilishana, na yeye yuko tayari kutoa Duma, Duma mwenyewe, achukue Kakakuona. Fisi akasema bahati ya namna hiyo haiji mara mbili. Punda Milia akasema kubali. Twiga akasema kubali, utakuwa na Duma, hata watoto wako wataheshimiwa. Na Kijino naye, jamani, mtoto ni mtoto, akamvuta mama yake mkia akisema mama chukua Duma, nikawaambie wenzangu.

Ngiri akafikiri. Alitamani, msidhani hakutamani. Miaka yote aliyocheza hajawahi kuwa na mchezaji anayetajwa. Akamtazama Fisi, akamuuliza kwa upole:

"Bwana Fisi, ulisema Kakakuona si mchezaji. Sasa mbona mmekuja wawili kumtafuta?"

Fisi akakohoa. Nyati akaangalia mawingu.

"Duma ni mzuri," akasema Ngiri. "Akipita watu wanashangilia. Lakini mimi sina shida ya kushangilia, nina shida ya maji."

Akakataa. Wakaondoka wakimwita mbishi.

Basi Bonde wakafunguka macho, wakaanza kumkwepa Kakakuona. Mpira ukipita kushoto, anahamia kushoto, wao wanaupeleka kulia. Kokoto alizopata Ngiri zikapungua mechi ya tano. Zikapungua ya sita. Duma akafunga, akafunga tena, Tumbili naye akafunga, mabao yakamiminika kama mvua. Mechi ya saba ilipokaribia kwisha, Ngiri alimzidi Nyati kokoto mbili tu. Bao moja la Duma, kokoto tatu, na Ngiri anakunywa maji yaliyokwisha kukorogwa na kwato za ukoo wa Nyati.

Siku hiyo Ngiri hakula. Alisimama pembeni, watoto watatu nyuma yake.

Mara Duma akachomoka. Vumbi, tifu tifu tifu! Akampita wa kwanza. Akampita wa pili. Hondohondo akaanza, Duma! Duma huyo! Mbele akabaki Kakakuona peke yake. Kakakuona akaona miguu ile inakuja, akaogopa, na aliyozaliwa nayo akayafanya. Akajitupa juu ya mpira, akajiviringisha, viringi! Mpira ukachomoka chini ya tumbo lake ukaenda kwa Nguchiro. Nguchiro akaondoka nao kimya kimya. Duma katika vumbi lile akaona duara mbele yake. Akapiga. Pu! Duara likaruka, likapita, likaingia golini.

"Bao!" Hondohondo akalia. Nyati akaanza kuruka. Punda Milia akamkumbatia. Twiga akambusu. Fisi akasema ndicho alichokisema tangu awali. Walicheza ngoma nzima pale kivulini.

Kobe akainuka. Akatembea kwenda golini. Mnajua mwendo wa Kobe. Walicheza wakachoka, wakakaa, Kobe bado yuko njiani. Alipofika akalitazama lile duara. Duara likajifungua taratibu, likatoa pua, likauliza mechi imekwisha?

"Hili si bao," akasema Kobe. "Huyu ni beki."

Mpira wenyewe ulikuwa ng'ambo ya uwanja kwa Nguchiro. Kobe akarudi kwa mwendo uleule, akaweka kokoto moja mbele ya Ngiri. Tap. Ikaisha.

Jioni ile Fisi alizunguka akieleza kwamba yeye siku zote aliamini katika mabeki machipukizi, tatizo watu hawamsikilizi vizuri. Wakamlipa mfupa.

Alfajiri Ngiri akawapeleka watoto wake bwawani, wa kwanza. Maji yametulia. Hakuna kwato iliyopita. Kijino akainamisha kichwa anywe, akashtuka, akaruka nyuma akajificha chini ya tumbo la mama yake. Akamwambia mle ndani kuna mtoto anamtazama. Alikuwa hajawahi kuona maji yanayoonyesha uso. Ngiri akalia, kisha akamwambia kunywa mwanangu, huyo ni wewe.

Mwaka uliofuata, siku ya kuchagua, kwa sheria ya zamani Ngiri ndiye angechagua kwanza. Lakini Nyati alikuwa amebadilisha sheria, sasa mshindi anachagua mwisho. Ngiri hakubisha. Nyati akamtaja Kakakuona kwa sauti kubwa. Punda Milia akamtaja Nguchiro. Twiga akamtaja Muhanga, akajisifu kwa jicho lake la kuona vipaji. Ikafika zamu ya Ngiri. Alikuwa na majani mdomoni na vumbi magotini, ametoka uwanjani. Akataja majina matatu ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia.

Wakacheka. Wakacheka vilevile kama mwaka jana, kwa kwa kwa, na Fisi akapokea mfupa ili aeleze kwa nini.

Funzo lake nalisema wazi, nisije nikasingiziwa. Ukitaka kumjua mfanyakazi, usimsikilize anayepiga kelele golini. Piga magoti, tazama ardhi alipofanyia kazi. Na ukishaonyeshwa mara moja, usije ukang'ang'ania jina la jana ukadhani umepata akili.

Hadithi yangu imefika bwawani, imekunywa, na hapo ndipo ilipoishia. Watoto, kalaleni. Shomari, na wewe weka hiyo simu. Nimekuona ukimtafuta Kakakuona.